Baba, Nipe Machaguo

Jamani mnaosomesha, hivi na nyie watoto wenu wanaongea kama karatasi ya mtihani, au ni nyumbani kwangu tu?

Wangu wa kiume yuko darasa la saba. Juzi namtuma dukani kwa Mangi, nikasema ngoja nimtege kabla hajatoka. Sukari kilo mbili na nusu, kilo moja 3,200, hii hapa noti ya elfu kumi. Utarudi na chenji ngapi? Kijana akasimama mlangoni, akakuna kichwa, akasema, “Baba, nipe machaguo.”

Nikampa. A, 1,500. B, 2,000. C, 2,500. D, 3,000. E, 4,000. Basi si akanyoosha kidole hewani: ana ana ana do! Kidole kikatua kwenye D. Nikamwambia rudia. Akasema kama siyo D basi ni C, maana mwalimu wa tuisheni kawaambia ukikwama weka C. Tuisheni yenyewe ni jero kila siku, na Jumamosi buku! Na wamefundishwa mengine: jibu refu kuliko yote ndilo lenyewe. Majibu mawili yakifanana, moja kati ya hayo ndilo. Ukiona neno “kamwe”, likimbie. Mtoto ananieleza kanuni hizi bila kumeza mate, wakili mtupu. Chenji ndiyo haijui.

Nikataka kumchapa, nikaghairi. Kosa lake nini? Tangu 2012 mtihani wa darasa la saba husahihishwa na mashine. Unapewa fomu, unapewa masharti ya penseli ya HB, unaweka kivuli kwenye herufi. Mashine haiulizi umefikiaje hapo. Haijui kama ulikokotoa, uliota, au ulipiga chabo kwa jirani. Maswali arobaini, machaguo matano kila swali: hata mbuzi wa jirani yangu, ukimfunga penseli kwenye kwato, kwa bahati tu anaokota kama nane. Usiniulize atasajiliwa kituo gani.

Siku hizi kuna maswali machache ya mwisho ya kujibu kwa kalamu. Kijana wangu anayaita “yale ya ziada”.

Kichekesho kikubwa ni barua. Bibi yake yuko Tanga, simu yake mbovu, nikasema mwandikie bibi barua umsalimie. Akakaa mezani saa nzima na karatasi nyeupe. Mwisho akaniletea kalamu. “Baba, wewe andika sentensi nne zilizochanganywa, mimi nitazipanga.” Nikadhani ananitania. Kumbe utungaji walioupigia mazoezi tangu Januari ndio huo: unaletewa sentensi zimevurugwa, unaziwekea mpangilio. Kuanzisha sentensi kutoka kichwani si kazi yao. Sasa bibi naye atume kwanza sentensi zake?

Haya, na mimi si mkorofi wa kupinga kila kitu. Wanaofanya mtihani ule kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja. Nani atakaa asome insha milioni moja za “Siku Nisiyoisahau”? Mwalimu angefika ya mia tatu tu, naye angepata siku yake asiyoisahau. Mashine ina haraka, haina shangazi, haipokei bahasha. Hilo nakubali. Ila mtoto naye ana akili. Akishajua mlango wa kutokea uko wapi, hapotezi muda kuzunguka nyumba nzima.

Dada yake yuko kidato cha nne. Huyu kavuka kwenye kivuli, kaingia kwenye hoja. Ukimuuliza kwa nini vyombo havijaoshwa, anaanza na utangulizi, anatoa maana ya vyombo kwa Kiingereza, halafu zinashuka hoja sita. Sita kamili! Hoja ya nne na ya tano ni ile ile, imebadilishwa shati. Kisha hitimisho, na humo ndani mimi baba mtu ninashauriwa nishirikiane na wadau kununua sabuni.

Usiku namsikia anakariri sababu za wakoloni kuigombania Afrika. Nikamuuliza, hivi ziko sita tu? Wazungu walikaa Berlin kuanzia 1884 mpaka 1885, wakaondoka na sababu sita? Akanijibu bila kuinua kichwa: “Ya saba haina maksi.” Sikuwa na la kusema. Nikarudi kulala.

Halafu usidhani jirani zetu wamepona. Shemeji yangu yuko Mombasa. Kule Kenya KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ilianza 1985, ikazikwa 2023, wakasema sasa mtoto apimwe kwa vitendo. Nikamwonea wivu. Akanipigia simu usiku anahema. Mtoto kaambiwa apeleke shuleni sanamu ya kutishia ndege shambani. Shamba lenyewe halipo, wanakaa ghorofa ya tatu, na ndege waliopo ni kunguru wa Mombasa, ambao hata askari hawatishi. Mtoto kalala saa mbili. Baba mtu kakesha na fito, nyuzi na kanzu yake kuukuu. Matokeo yakaja: “Anakaribia matarajio.” Kule kuna kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa chini yake. Shemeji ana ndevu nyeupe, mjukuu yuko njiani, na bado anakaribia! Kanzu haikurudi.

Mimi ni fundi wa bajaji. Gereji yangu ina mtihani mmoja tu: iwake. Haina machaguo, wala nusu maksi kwa kuonyesha njia. Mwezi uliopita nimeletewa kijana wa kumfundisha kazi, katoka kidato cha nne na cheti kizuri tu, fizikia anaimwaga. Alinitajia hatua nne za injini kwa mpangilio, kwa Kiingereza, amefumba macho. Nikamwambia niletee spana ya kumi. Akaniletea bisibisi.

Akaja mteja, bajaji haiwaki, abiria ndani anachelewa feri. Nikasema haya kijana, leo siku yako. Akajipangusa mikono, akasimama wima, akatoa sababu sita za injini kutowaka. Zote za kweli, sitamdhulumu. Tukazipitia moja moja, plagi tukafungua, kabureta tukapuliza, waya tukazishika zote. Jua linatuunguza, abiria kashuka kapanda bodaboda, mteja ananuna.

Nikafungua tangi. Kavu!

“Na hii mbona hukuitaja?”

“Hiyo ya saba, bosi.”