Mmeruka bomba la moshi

Habari yenu inasifia majiko ya peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) kwa baridi hii ya Julai hapa Arusha. Sawa, ila bomba hamjaligusa. Kwetu Ngaramtoni fundi alilipitisha moja kwa moja kwenye silingi bodi. Wiki ya pili bodi ikawa na rangi ya chapati iliyoungua. Majiko mengi yanataka kama inchi 3 kati ya bomba na mbao, someni kitabu cha jiko lenu. Halafu moshi unatolewa na feni. Umeme ukikatika (na tunajuana), moshi unaweza kurudi sebuleni. Majivu nayo tuliyamwaga kwenye ndoo ya plastiki tukidhani yamepoa. Asubuhi ndoo haina kitako. Siku hizi ni debe la bati lenye mfuniko, linakaa nje kwenye saruji.