Siku Spitfire ilipoondoka na mimi niko kwenye boneti

Kwa wasioijua, Triumph Spitfire ni kagari kadogo ka Kiingereza ka watu wawili, kalitengenezwa Coventry kuanzia 1962 mpaka 1980, umbo lake lilichorwa na Mtaliano Giovanni Michelotti. Wengine wanaipenda kwa huo uzuri, ila sisi wa kufungua-fungua nyumbani tunaipenda kwa boneti. Boneti yake ni pua nzima ya gari, madigadi, taa, kila kitu, ukiivuta inalala yote kwa mbele, injini inabaki nje pamoja na matairi mawili ya mbele. Na hapo mwenye Spitfire yeyote anafanya kitu kilekile: anakaa juu ya tairi. Yaani tairi ndo stuli, injini iko mbele ya macho, spana mkononi, mgongo hauumi. Huwezi kukaa hivyo kwenye gari la kisasa hata ukilipwa.

Sasa yangu ni Mark 3 ya 1968, injini ya cc 1296, kabureta (vile vya kuchanganya petroli na hewa) mbili za SU, na ilikuwa miaka haijaunguruma. Viti nimetoa, milango nimetoa, ekzosi iko ukutani imeegemezwa, waya wa hendibreki umekatika. Gari iko uani, na akaja shemeji kunisaidia.

Shemeji ni kaka yake mke wangu, mtu mwema, ana nguvu, hana uvivu, ila ana tatizo moja tu, akiona kitufe lazima akibonyeze. Kwenye lifti yeye, rimoti yeye, kengele ya mlango wa watu wasiomhusu, yeye. Na Spitfire za miaka ile kuna solenoidi ya stata, yaani swichi ya umeme ya kuamsha stata, imefungwa pale nyuma ya injini jirani na betri, na kwenye ile solenoidi kuna kitufe chenye kofia ya mpira, ukikibonyeza kwa dole gumba stata inazungusha injini bila wewe kuingia ndani ya gari. Kimewekwa kumrahisishia fundi. Shemeji alikiona mapema tu, nikamwona anavyokiangalia.

Hali ya gari naomba muielewe vizuri. Gia ilikuwa kwenye namba moja maana tulikuwa tumekaza nati ya puli ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, na ukiweka gia krenki haizunguki ovyo. Nani alitakiwa kuirudisha nyutro, huo mjadala upo mpaka leo na mimi msimamo wangu haujabadilika. Usukani tulikuwa tumeuzungusha mpaka mwisho tukaufunga kwa kamba ili nipate nafasi ya kufunga tairodi, kile chuma kinachogeuza tairi la mbele. Tenki halijaunganishwa, ila vikombe vya kabureta nilivijaza petroli kwa bomba la sindano ili tuone kama injini ina nia ya kuwaka. Choki tumevuta. Swichi iko on. Na kilichozuia gari lisitembee ni tofali moja mbele ya tairi la nyuma.

Tofali lile shemeji alilichukua akakalia. Eti miguu imechoka.

Mimi niko juu ya tairi nashika distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, nimeilegeza kidogo niweze kuizungusha huku na huku kutafuta taimingi, yaani moto upige wakati wake. Nikamwambia, "Shem, njoo kwenye kile kitufe. Ila usibonyeze mpaka nikisema sasa."

Akasimama fasta kuliko nilivyowahi kumwona. "Sasa?"

"Bado. Nikisema sasa."

Akabonyeza.

Kusema kweli sikusikia hata stata vizuri, nilichosikia ni stuli yangu inazunguka. Tairi likienda mbele na wewe uko juu yake unaenda mbele mara mbili ya gari lenyewe, hiyo ni hesabu ya kawaida lakini mimi niliifanya kwa makalio. Nikatupwa kwenye ule mwanya kati ya rejeta na boneti, mgongo chini, miguu juu, spana imeenda zake. Na shemeji badala ya kuachia kitufe kwa woga akazidi kukikandamiza, huku anatembea pembeni na gari, na injini ambayo ilikuwa imekataa kuwaka enzi na enzi ikaamua huu ndo wakati wake. Ikawaka. Bila ekzosi. Yaani ule mlio sijui niuelezeje, kuku wa jirani walihama.

Hapo ndipo nilipoelewa sifa moja ya Spitfire ambayo nilikuwa naisoma tu vitabuni. Hii gari inakata kona hatari, inageuka ndani ya duara la mita 7 na kitu, kuna magari madogo ya leo hayaiwezi. Na usukani si tumeufunga kwa kamba? Basi haikwenda getini, haikwenda ukutani, ikaanza kuzunguka uani taratibu kabisa, gia namba moja, choki imevutwa, hakuna dereva, hakuna viti, hakuna milango, mwenye gari amelala puani anaangalia mawingu.

Shemeji akakimbia kuingia ndani azime. Wazo zuri. Akaruka kupitia pale palipokuwa na mlango wa kulia, akakuta hakuna kiti cha kushika wala cha kukalia, akateleza na sakafu akatokea pale palipokuwa na mlango wa kushoto. Nilimwona kwa chini, maana nilikuwa nimepinda shingo, miguu ya shemeji inaingia huku inatokea kule. Akainuka, akajaribu tena, akatoka tena vilevile.

Mwanangu wa mwisho akatoka nje, akaangalia ile mizunguko, akauliza, "Baba, mnaenda wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Kila tukizunguka tunapita chini ya kamba ya nguo, na kila tukipita fremu ya kioo inaondoka na kitu. Raundi ya kwanza shuka. Ikafuata foronya. Mama watoto alipotoka hakupiga kelele wala nini, alianza kuanua nguo zake zilizobaki, moja moja, anasubiri tupite, anaanua, anasubiri tupite. Alipomaliza akaweka beseni chini, akatembea sambamba na gari hatua kama tatu, akainama, akaingiza mkono, akazima swichi.

Kimya.

Shemeji alikuwa ndani ya shuka bado anatafuta pa kutokea.

Mimi kutoka kule kwenye boneti nikamwambia mke wangu kwamba asingejisumbua, petroli ilikuwa kwenye vikombe vya kabureta tu na vile vikombe ni vidogo, ingezima yenyewe muda si mrefu. Hilo ni kweli kabisa na fundi yeyote atanitetea. Ila nadhani maneno ya kweli yakisemwa na mtu aliyelala chali miguu juu yanapungua uzito, maana aliniangalia tu, akaniuliza kama naweza kutoka mwenyewe au amwite mtu.

Niliweza mwenyewe. Kiwiko kimechunika, na mgongoni nilikuwa na alama ya duara safi kabisa ya kifuniko cha rejeta. Gari halina hata mkwaruzo.

Shemeji akajifungua shuka, nywele zimesimama, akaangalia gari, akaniangalia mimi, uso ukaanza kung'aa. "Lakini shem, si imewaka?"

Na kweli bwana, imewaka! Tukakumbatiana pale uani, mafuta na vumbi, tunapigana migongoni (mimi nikimwomba apige pembeni ya ile alama), tunasifiana taimingi, tunaigiza tena kwa mdomo ule mlio ulivyokuwa. Nikamwambia nitie petroli tena tuiwashe kistaarabu, safari hii nyutro, tofali mahali pake. Nikaweka kila kitu sawa, nikaenda kwenye dashibodi kuwasha swichi.

Funguo haipo. Mama watoto ameshaingia nayo ndani, na mpaka leo inakaa kwake, nikitaka kuwasha gari langu naenda kuomba na swali la kwanza ninaloulizwa ni kama shemeji yupo.