Fensi ya huku haisubiri Krismasi

Jana Jumamosi nimetoka na mkasi wa fensi, chai nimeshakunywa, nikasema leo namalizana nayo. Nimefika nusu tu babu jirani huyo, kandambili miguuni na manyunyu yote yale, ananiambia kijana acha, umechelewa. Nikajua utani. Katikati ya Oktoba nimechelewa nini aisee? Kumbe hii privet, huo mmea wa fensi za huku, ukiikata sasa hivi inachipua tena, na vile vichipukizi laini usiku wa jalidi haviponi, asubuhi unavikuta vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto. Mwisho ni mwezi wa tisa. Na kuwahi nako shida, kuanzia Machi mpaka Agosti ndege wanataga humo, Uingereza hii kuna sheria ya 1981, ukibomoa kiota chenye ndege kwa makusudi una kesi. Kiota! Yaani umebaki mwezi mmoja wa maana, ukikupita usubiri Februari, na nani atasimama nje Februari.

Sasa kwetu Kibosho, Kilimanjaro. Fensi inakatwa kwa sababu moja tu, watu wa Dar wanapanda mlimani kula Krismasi. Desemba ikifika tarehe 18, 20 hivi kila kona ni panga, michongoma inasawazishwa juu kama meza, njia nzima inanukia majani mabichi. Wakishashuka ndo basi, mpaka Novemba michongoma imefunga njia, mama anapita na mkungu wa ndizi kichwani anachanwa mikono na kila mtu anaona kawaida.

Najua mtakuja. "Kaenda Leeds juzi tu anatufundisha kukata majani." Sijajifanya mzungu mimi, na fensi yenyewe ni ya mwenye nyumba. Tena isale letu, ule mmea wa Wachaga, lina heshima kuliko hii privet, ndo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na ukimkosea mtu unalibeba unaenda kuombea msamaha, hebu nenda na tawi la privet kwa mtu uone. Baridi ya mwezi wa saba hailigusi. Ila ndo hapo sasa, kwa vile halifi hakuna mwenye haraka nalo. Hela ya fensi nimetuma mwezi wa nne, nikatuma tena wa saba. Mara kijana wa kukata anaumwa, mara panga limeazimwa. Panga linaazimwa miezi mitatu jamani? Na ukiuliza mara mbili unaambiwa una kiburi cha pauni, haya, kiburi ninacho, panga liko wapi?

Babu kaingia ndani, mimi nimebaki na fensi upande umenyolewa upande una rasta, na itakaa hivyo baridi yote. Nikaipiga picha nikamtumia dogo. Kajibu fasta, siku zote meseji zangu anachukua wiki: "Kaka hiyo si ya hapa nyumbani?"