Vipindi vya afya shuleni Goma: wazazi wana haki, ila bido ya maji inabebwa na mtoto

Swali linalotuchonganisha hapa mjini ni hili: shule za watoto wa maskini, za Majengo, Mabanga, Ndosho huko, zitenge saa kila wiki ya kufundisha mambo ya afya na namna ya kuishi na wenzako, ama saa zote ziende kwa kusoma na hesabu?

Wanaokataa si watu wa kudharau hata kidogo. Benki ya Dunia ilisema 2022 kwamba hapa Kongo watoto 97 kwa 100 wanafika miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi wakayaelewa. Tangu shule ya msingi iwe ya bure Septemba 2019 kalasi zimefurika, watoto wamebanana kwenye benchi mpaka mkono wa kuandikia hauna nafasi, halafu unamuongezea mwalimu kipindi kingine? Na mzazi anauliza vizuri kabisa, unamfundishaje mtoto kunawa mikono kwenye shule isiyo na maji, tena huku kwetu juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo ambapo hata kuchimba shimo la choo ni mateso. Ndoo za robine za kunawa mikono ziliwekwa milangoni wakati wa Ebola, nyingine ziko wapi leo? Haya yote ni kweli.

Lakini jamani, nani anachota maji Goma? Mara nyingi ni mtoto. Kabla ya shule na akirudi utamkuta ziwani na bido ya njano, na mdogo wake nyuma na ile kadogo ya litre 5. Kwenye vituo vya klori kuna mtu na seringi yake, anatia dawa kwenye bido, halafu unatakiwa kungoja nusu saa kabla mtu anywe. Hiyo nusu saa ndiyo inanikosesha usingizi juu inalindwa na mtoto wa miaka 9. Foleni ya klori ikiwa ndefu na wakubwa wanamsukuma anaondoka bila dawa, akifika nyumbani ana kiu hangoji, wadogo zake nao wanakunywa, mama yuko Birere sokoni tangu asubuhi hayupo wa kuona. Na kolera haikupi wiki ya kufikiria, inaweza kuua mtu kwa masaa tu.

Sasa angalia nini kinamshinda huyo mtoto. Kwamba maji ya ziwa ni mabaya anaweza kuwa anajua tayari, ameambiwa mara mia. Kinachomshinda ni kukaa kwenye foleni bila kupigana, kumwambia kijana mkubwa "mi nilikutangulia", kumwambia baba yake kwa heshima "papa ngojea kidogo, dawa haijafanya kazi". Hakuna aliyemzoesha kusema hivyo, na mtoto wa maskini ndiye anayenyamazishwa zaidi, nyumbani, barabarani na darasani pia.

Mazuku ni hivyo hivyo. Ile hewa ya volkano ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia kwenye mashimo na mabonde, haina rangi, na mfupi ndiye inayemfikia kwanza. Ukiona mwenzako ameanguka shimoni moyo unakuambia shuka umtoe, na ukishuka mnakufa wawili. Kukimbia kuita wakubwa badala ya kushuka, hiyo lazima watoto waifanyie mazoezi uwanjani, waigize, warudie, mpaka miguu yenyewe izoee. Karatasi ya ukutani haitoshi.

Na kuhusu saa za kusoma, mi naona tunabishana bure kidogo. Litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi: hayo ni maji ya kumpa anayeharisha wakati mnamkimbiza kituo cha afya. Iandike ubaoni kama zoezi la kusoma, kisha uliza, kwa nusu litre tutatia vijiko vingapi? Hapo umefundisha kusoma, umefundisha kugawanya, na usiku mtu akiugua mtoto anajua aanzie wapi, bila kumnyang'anya mwalimu hata dakika ya hesabu.

Pale wazazi wanaponishinda ni kwenye maji, juu ukimkemea mtoto kwa mikono michafu na hakuna tone shuleni umemwaibisha tu kwa umaskini wa kwao, na kesho hatarudi. Kwa hiyo mashirika yakija na pesa ya fulana na banda la sherehe, kamati ya wazazi iseme wazi: kwanza tangi la kuvuna mvua kwenye bati la shule, na mtu wa kulitengeneza likipasuka, kisha mwalimu wa hapo hapo afunzwe na alipwe hiyo kazi, asitumwe kijana wa proje anayeondoka baada ya miezi michache na watoto hawajamzoea hata jina.