Nyota moja tu, SACCO ikadai javax.jms

Mzee wa ofisi yetu hapa Ntinda, Kampala, aliamka na wazo eti ile programu ya SACCO tuikatekate, anayetaka mikopo auziwe mikopo, anayetaka hisa auziwe hisa, si kila mtu kubebeshwa zima zima. Wazo poa kabisa. Shida ni kwamba programu yenyewe iliandikwa kwa Java na jamaa mmoja aliyeondoka zamani, na huyo jamaa alipenda neno impl (kifupi cha implementation, yaani kazi za ndani) kuliko mshahara, kila paketi, yaani kila folda ya klasi, ni impl, mikopo.impl, riba.impl, mpaka ile ya kupanga tarehe nayo impl.

Nikaweka plagini ya OSGi, ule mfumo wa kuigawa programu ya Java vipande vipande, kwenye Maven, chombo chetu cha kuijenga programu; kwenye faili lake la maagizo, pom.xml, pale palipoandikwa jar nikaandika bundle, yaani bando, ndilo jina la kila kipande, nikaendesha. BUILD SUCCESS, kijani kibichi. Nikaagiza rolex ya mayai mawili nijipongeze, chapati haijafika mezani kontena, ile inayoyaendesha hayo mabando, ishaanza kulia eti haioni paketi ya mikopo. Haioni vipi? Nikaifungua ile jar kama zip, klasi zote zimo, nikamwita mwenzangu wa meza ya pili aje awe shahidi.

"Si hii hapa?"

"Ndo hiyo bana."

Kontena: haipo.

Kumbe plagini ina adabu zake. Usipoiambia kitu, paketi zako zote inaziachia zionekane nje, isipokuwa zile zenye impl au internal kwenye jina, hizo inasema ni mambo ya ndani, mgeni asichungulie. Na kusema kweli ni akili nzuri, ila nyumba ya huyu jamaa ilikuwa vyumba vya kulala vitupu, sebule hakuna.

Mwenzangu, mtu wa haraka siku zote, akasema achana na maneno, weka nyota (*) kwenye Export-Package, ile orodha ya paketi za kuonekana nje, yote yatoke. Akaichapa mwenyewe, nyota moja. Maven ikafikiri weeee. Sasa nyota pale si "paketi zangu zote", ni kila kitu kilicho kwenye classpath, yaani na maktaba zote za watu tulizoazima, na haivionyeshi tu, inavinakili na kuvitia ndani! Jar ikatoka na MB 38. Maktaba ya PDF imo, draiva ya databezi imo, log4j ya kuandika logi imo, banange. Na kabla sijafungua mdomo Mzee alishaituma WhatsApp kwa katibu wa SACCO moja ya mabodaboda huko Malaba, mjeshi mstaafu, sisi tunamwita Afande.

Afande akapiga.

"Kijana, faili lako limekula MB zangu zote na haliwaki. Linadai javax.jms. Huyo ni nani? Kwenye daftari la wanachama simwoni."

Nguvu ziliniisha. Ile log4j ya zamani, 1.2, ina kipande cha kupeleka logi kwa JMS, njia ya Java ya kutumiana ujumbe, na kingine cha kuzituma kwa barua pepe, kwetu hakuna anayevitumia, lakini vikishaingia kwenye bando lako plagini inaviona, inaandika kwenye manifesti, ile karatasi ya maelezo ya bando, kwamba javax.jms na javax.mail zinahitajika, na zikikosekana bando haliamki ng'o. Yaani watu wanakopeshana pesa ya tairi halafu wasubiri javax.mail!

"Hapana Afande, huyo si mwanachama."

"Basi mtoe."

Nikafuta nyota, nikaziandika paketi mbili tu za kutoka nje, kwa majina yake kamili na hizo impl zake, zingine nikazifungia kwenye Private-Package. Kontena ikapokea bila neno. Nikamtumia Afande, nikamwekea na MB za kufidia, nikakaa kungoja asante.

Simu ikalia.

"Kijana, imewaka. Sasa nijibu. Ile ya kwanza ilikuwa MB 38, hii ni KB 96, na pesa tuliyolipa ni ile ile. Hizo zingine mmempelekea nani?"