Kanuni ya "toa y, weka ies" tunaifundisha mapema mno

Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili akiandika "hapi" au "bebi" kwenye imla ya Kiingereza, usiseme hakusikiliza. Kasikia vizuri sana. Kiswahili hakina neno linaloishia na y. Y yetu hutangulia irabu, kama kwenye yai na mbaya, na ile sauti ya mwisho aliyoisikia sisi huiandika i. Hata maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza tumeyamalizia hivyo: lori, betri, pati, sekondari. Basi la kwanza aambiwe hili: Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa i. Taxi na ski ni wageni humo.

Wengi wetu hulipita hilo, tukakimbilia wingi. Toa y, weka ies. Mtoto huishika kanuni barabara, halafu anaitumia popote anapoona y: "boies", "monkeies", "plaied". Makosa hayo hakuja nayo, tumempa sisi.

Wingi usubiri. Anza na sauti. Weka pamoja maneno mafupi ambayo y ndiyo irabu yake pekee: my, fly, cry, dry, sky, why. Hapo y husomeka ai. Kisha yale ya silabi mbili au zaidi: baby, lady, city, happy, story, family. Hapo husomeka i. Maneno sita ya kila fungu yanatosha kwa wiki. Andika kila neno kwenye kadi, y kwa kalamu nyekundu. Mtoto asome kwa sauti, agawe kadi kwa jinsi y inavyosikika, kisha uzifunike na umsomee imla. Changanya mafungu unaposoma. Ukilimaliza moja kwanza ndipo ukaingia jingine, atabandika y mwishoni bila kutega sikio.

Reply, July na deny zitaleta ubishi: silabi mbili, lakini ai. Sababu ni mkazo, ambao kwenye maneno haya uko mwishoni, ilhali mtoto wetu amezoea kuukazia silabi ya pili kutoka mwisho. July ina nafuu, maana Julai anaijua tangu zamani.

Fungu sugu ni la ey: key, money, monkey, donkey, honey. Sauti ni i ileile ya baby, kwa hiyo sikio halimsaidii, na "mony" litatokea tu. Haya ni ya kukariri kwa macho, nayo si mengi. Usiyafundishe wiki moja na baby.

Mafungu yakishakaa, lete kanuni, tena kwa swali moja: herufi iliyo kabla ya y ni irabu au konsonanti? Aipigie mstari kabla hajaongeza chochote. Ikiwa irabu, y haiguswi: boys, keys, played. Ikiwa konsonanti, y hugeuka i: babies, cried, happier. Kwenye crying y hubaki, kwa sababu Kiingereza hukwepa i mbili kufuatana. Majina ya watu nayo hayaguswi: akina Mary wawili ni Marys. Na said, paid na laid, zinazovunja kanuni ya irabu, ziandikwe kwenye karatasi yake ukutani, mbali na played.