Tuulizane kwanza tumeanzia wapi

Kiingereza kina usemi ambao ukiutafsiri neno kwa neno unakuwa kichekesho: kuliomba swali (begging the question). Asili yake ni Aristotle, na kwa Kilatini ukaitwa petitio principii. Katika mijadala ya Wagiriki, muulizaji alimwomba mwenzake amkubalie hili na lile, kisha ajengee hapo hoja yake. Kosa ni kuomba ukubaliwe lile lile mnalobishania. Siku hizi wengi huutumia kwa maana ya "hapo ndipo linapozuka swali", na wapo wanaokasirika kweli kweli. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Linalonishughulisha ni kosa lenyewe, maana mabaraza yetu yamelijaa.

Chukua mwezi. Ramadhani inapoingia na inapotoka, wapo wanaongoja uonekane hapa, na wapo wanaofuata ukionekana popote duniani. Nenda Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa la Mji Mkongwe, Unguja, usikilize. Wa kwanza anasoma Hadithi: fungeni kwa kuuona, fungueni kwa kuuona. Wa pili anamjibu kwa Hadithi hiyo hiyo. Sauti zinapanda, kahawa inapoa, na hakuna anayeuliza: auone nani? Aliyekwisha amini kwamba amri ni ya kila mji anaiona Hadithi iko upande wake. Anayeamini ni ya umma mzima naye vivyo hivyo. Kila mmoja amekuja na jibu lake mfukoni. Afadhali anayeleta kisa cha Kuraib, aliyerudi Madina kutoka Sham (Syria) na habari ya mwezi ulioonekana huko, Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, asiufuate. Hiyo angalau ni dalili inayogusa penye mzozo, na mwenzake atatafuta la kuijibu. (Mimi Mshafii, nafuata wa hapa. Lakini simwambii mwenzangu kwamba hajui kusoma.)

Kwenye "nchi" ndiyo usiseme. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kuwa Zanzibar si nchi, Visiwani pakachafuka. Mwaka 2010 Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa, ikaandika kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mabishano hayakwisha. Huyu atakwambia si nchi kwa sababu haina kiti Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kwake nchi ni ile yenye kiti, basi. Yule atakwambia kiti tulikipata Disemba 1963, na nchi haifi kwa kuungana. Je, kuungana kunaifuta nchi au hakuifuti? Hapo hasa ndipo pa kubishania, na wote wawili wamepapita mbio.

Jaribu kumzuia mtu: "Ami, hilo ndilo tunalobishania, usilifanye ushahidi." Atakujibu kwamba hilo liko wazi, halihitaji dalili. Haya, kama liko wazi, tunabishania nini hapa tangu laasiri?